Balungi la Kumezea Dawa

Yapo mambo katika habari hii ambayo sikuyaona, nami nayataja mwanzoni ili yasije yakachanganyika na mengine. Sikuona jinsi watoto wa kambi ya mgodi walivyokuwa wakinyweshwa dawa. Hilo nilisimuliwa na mke wangu. Sikumwona yule mwanamke wa Kasumbalesa, mji wa mpakani, anayesemekana kufa kwa sababu ya tunda. Hilo lilisemwa na jirani yetu, naye alilipata kwa mtu mwingine. Na sikuona kilichotendeka ndani ya misuli na figo za mke wangu. Hilo nilielezwa na daktari aliyekuwa na karatasi za maabara mkononi. Yaliyobaki niliyaona kwa macho yangu, na mengi kati yake niliyatenda kwa mikono yangu. Ndiyo maana nayaandika.

Nilifundisha fizikia kwa miaka mingi, kisha nikawa prefe, yaani mkuu wa shule ya sekondari, hapa hapa Lubumbashi, hadi nilipostaafu. Kazi hiyo ilinizoesha swali moja: nani ameona? Mwanafunzi alipokuja kuniambia kwamba mwenzake ameiba, nilimuuliza hivyo. Mwalimu aliponiambia kwamba wazazi wananung'unika, nilimuuliza hivyo. Jiji letu huishi kwa habari zisizo na mwenyewe: leo mpaka umefungwa, kesho unga hautapatikana, keshokutwa maji ya bomba yametiwa sumu. Nimewahi kuona mtaa mzima wa Kampemba ukikimbia kwa sababu tu watu wa mtaa wa pili walikuwa wanakimbia. Mimi sikukimbia, wala sikuwahi kujutia tabia hiyo hadi mwaka huu.

Mwezi wa kwanza, mvua zikiwa nyingi, mke wangu alishikwa na ganzi upande mmoja wa uso akiwa anachambua maharagwe. Nilikuwa nimekaa mbele yake. Niliona mdomo wake ukishuka upande wa kushoto, kisha, kabla sijafika mlangoni kuita gari, ukarudi mahali pake. Hospitalini walimpima damu, wakakuta kolesteroli imezidi mno. Daktari, kijana wa umri wa wanafunzi wangu wa mwisho, alimwandikia kidonge kimoja cha simvastatini kila jioni, akatuonya kwamba ile ganzi ilikuwa taarifa tu, na kwamba mshipa wa kichwani ukiziba kabisa hatutapewa taarifa nyingine. Kisha akasema maneno ambayo niliyaandika kwenye daftari langu pale pale, kwa kuwa niliyasikia kutoka kwa mtu mwenye mamlaka ya kuyasema:

"Mama, mawese upunguze. Nyama ya mafuta upunguze. Lakini matunda na mboga, ukule mingi."

Dawa tulikuwa tukiinunua kwenye duka la dawa karibu na soko la mtaa wetu. Muuzaji hutoa boksi, huchomoa vidonge ndani ya plastiki yake, hukata kwa mkasi kiasi ulichoandikiwa, na boksi lenyewe hubaki kwake pamoja na karatasi ya maelezo. Hivyo ndivyo mtaa mzima unavyonunua dawa. Nilimtazama akikata mara sita au saba, na hata siku moja sikuomba kuiona ile karatasi. Mtu anayedai ushahidi kwa kila jambo alipaswa kuiomba.

Sasa lazima nieleze desturi ya mke wangu, maana bila hiyo hakuna kitakachoeleweka.

Baba yangu alikuwa karani wa reli aliyekuja kutoka Kasai, na nyumbani kwetu dawa ilimezwa kwa maji. Mke wangu alizaliwa kambini, katika nyumba za wafanyakazi wa mgodi. Anasema kwamba kila Jumamosi muuguzi alikuja na beseni la vidonge vya malaria, vichungu kupita kiasi, na watoto walipangwa mstari. Kila mtoto alimeza, akafungua mdomo ili muuguzi ahakikishe, kisha akasogea hatua mbili hadi walipokuwa akina mama wameshika vipande vya balungi, tunda ambalo sisi hapa twaliita pamplemusi. Miti yake ilipandwa kando ya nyumba zote za kambi. Mtoto aliuma kipande, ladha ya kidonge ikaondoka, akaenda kucheza. Kwa hiyo, katika akili ya watu waliokulia kambini, kidonge na pamplemusi ni kitu kimoja chenye sehemu mbili. Ninawajua wazee wengine watatu wa kambi zile, na wote watatu walikuwa wakimeza dawa hivyo hadi mwaka huu. Hilo nimeliona.

Mke wangu alipanda mpamplemusi nyuma ya nyumba yetu mwaka tuliohamia. Kwa zaidi ya miaka arobaini nilimwona akimezea tunda hilo vidonge vya malaria, vya kichwa, vya minyoo, vya presha ya mimba, na sikuona dhara lolote. Nilichukulia miaka hiyo kuwa ushahidi. Ilikuwa ushahidi kweli, lakini wa vidonge vile, si wa hiki.

Msimu wa mvua mabalungi mabivu hayapo. Kuanzia mwezi wa kwanza hadi wa nne alimezea simvastatini kipande cha embe, kisha mapera, kisha chochote kilichokuwa sokoni, na vipimo vya mwezi wa nne vilionyesha kolesteroli imeshuka vizuri. Daktari alifurahi. Mimi pia. Nyuma ya nyumba, yale matunda ya kijani yalikuwa yananenepa katikati ya majani, na hakuna aliyeyatazama.

Mwezi wa tano mvua zilikuwa zimekwisha na mabalungi ya kwanza yameanza kugeuka njano. Jirani yetu, mama anayeongoza kikundi cha akina mama wa parokia, alikuja jioni moja kuzungumzia sare za sikukuu. Alimkuta mke wangu ana kidonge katika kiganja kimoja na kipande cha pamplemusi katika kingine.

"Yo! Mama, weye unakula tunda na ile dawa ya mafuta ya damu?"

"Njo vile nilizoea tangu mutoto."

"Acha! Bantu banasema muntu wa ile dawa asikule matunda. Inamumaliza mwili."

Nilikuwa nasoma dirishani. Nikafunga kitabu.

"Watu gani wanaosema?"

"Aaa, prefe ameamuka na Kiswahili yake ya kitabu," jirani akamwambia mke wangu, nao wakacheka. "Bantu, papa. Bantu bote."

"Matunda gani?"

"Matunda."

"Ndizi?"

"Ata ndizi."

"Papai?"

"Ata papai."

"Avoka?"

"Ile njo mubaya kabisa, iko na mafuta ndani."

"Na nani ameona mtu akidhurika?"

"Dada ya shemeji yangu, kule Kasumbalesa. Kulikuwa mama mumoja, bibi ya wakala wa forodha. Alikula tunda na dawa, miguu ikaregea, mukojo ikakuwa nyeusi, akakufa."

"Dada wa shemeji yako alimwona?"

"Balimuelezea."

"Tunda gani alilokula?"

"Tunda tu, prefe! Unataka nikuletee cheti ya kifo?"

"Ndiyo. Chenye mhuri na sahihi ya daktari."

Tulicheka sote watatu. Lakini niliona mke wangu akirudisha kile kipande kwenye kisahani, taratibu, akamezea maji, uso umekunjamana kama wa mtu aliyelazimishwa.

Kwa muda wa siku kumi na nne hakugusa tunda la aina yoyote. Ndizi ziliozea kikapuni. Alipokuwa anapita uwanjani aliukwepa ule mti kana kwamba umefungiwa mbwa. Mimi nilikasirika, na nikiri kwamba hasira yangu haikuwa kwa ajili ya afya yake. Niliona ni aibu kwamba katika nyumba ya mtu aliyesoma, meza ya chakula inaongozwa na dada wa shemeji wa jirani. Daktari alisema matunda. Niliyaandika maneno yake. Jumapili moja baada ya misa, jirani akiwa amepita kutusalimu, nilitoka nje, nikachuma mabalungi mawili yaliyoiva barabara, nikayakata mbele ya wote wawili, nikayaweka mbele ya mke wangu.

"Kula, mama. Daktari alisema matunda."

Alinitazama. Huniita tata, yaani baba. "Na kama iko kweli, tata?"

"Kama ni kweli, yupo aliyeona. Na aje."

Alikula.

Kuanzia siku hiyo sikumwachia yeye kazi ile. Kila jioni nilichuma mwenyewe na kukamua mwenyewe. Zamani alikuwa akiuma kipande kimoja. Mimi nilimpa gilasi iliyojaa, mabalungi mawili mazima, na nilisimama hadi aimalize. Nilijiambia kwamba namjali. Ukweli ni kwamba kila jioni nilikuwa nashinda tena ule mjadala, ingawa mpinzani wangu alikuwa ameshakwenda kwake.

Mwezi wa sita hapa ni wa baridi. Asubuhi moshi wa makaa hulala chini kwenye vichochoro na vumbi jekundu hukaa juu ya kila kitu, hata juu ya ndimi za watu. Mke wangu alianza kuchelewa kuamka. Akasema mapaja yanamuuma kama mtu aliyebeba ndoo kutoka mbali. Nikasema ni baridi, nikampa blanketi langu. Baada ya siku chache akasema mabega nayo. Nikasema tena ni baridi, ingawa siku hiyo jua lilikuwa kali.

Jumapili iliyofuata, kanisani, tulipiga magoti pamoja. Watu waliposimama, yeye hakusimama. Niliona mkono wake ukishika benchi la mbele, na mwili wake wote ukijaribu na kushindwa. Jirani yetu aliyekuwa nyuma alimwingizia mikono makwapani akamwinua. Kisha akanitazama mimi. Macho yake yalinifuata hadi nyumbani.

Siku mbili baadaye nilikuwa jikoni mke wangu alipokuwa anatwanga sombe, majani ya muhogo. Aliinua mchi mara moja, mara ya pili, na mara ya tatu ukamponyoka ukaanguka kando ya kinu. Hakuuokota. Alibaki anautazama mkono wake kana kwamba ni wa mtu mwingine aliyemwazima.

"Tata," akasema, "mwili yangu haiko inanisikia."

Hapo maneno ya watu yakaanza kuingia kwa kila mlango. Binti yetu, anayekaa mtaa wa Golf, alisema kwa simu kwamba ni uzee. Shangazi mmoja alisema ni mtu wa parokia aliyemwonea mke wangu wivu kwa kuongoza kwaya. Mwingine alitaja uchawi waziwazi, akataja na jina. Niliyakataa yote kwa swali langu lile lile, na kila mara lilifanya kazi: hakuna aliyekuwa ameona kitu. Nilibaki mshindi, sina maelezo yangu mwenyewe, na kila jioni saa moja nilimkamulia mgonjwa wangu gilasi yake.

Wiki ya mwisho ya mwezi huo duka letu la dawa liliishiwa. Binti yetu akanunua mjini boksi zima, akalileta Jumamosi asubuhi. Alipoliweka mezani, mabalungi mawili ya siku ile yalikuwa tayari pale, maana nilikuwa nimeyachuma mapema. Nilifungua boksi. Ndani mlikuwa na karatasi iliyokunjwa mara nyingi, maandishi madogo, ya Kifaransa. Nilivaa miwani nikaisoma kama ninavyosoma kila kitu, tangu mstari wa kwanza.

Katika sehemu ya vyakula na vinywaji iliandikwa kwamba mgonjwa asinywe maji ya pamplemusi wakati anatumia dawa hii. Haikusema matunda. Haikusema ndizi, papai wala avoka. Ilitaja tunda moja, kwa jina lake. Nilisoma mara tatu. Chini zaidi iliandikwa kwamba maumivu ya misuli, udhaifu usioelezeka na mkojo wa rangi nzito ni sababu ya kumwona daktari bila kukawia.

Binti yangu alikuwa anaongea. Sikumbuki alisema nini. Mke wangu alitoka msalani akishika ukuta.

"Tata, kuya uone. Mukojo yangu iko kama kahawa."

Nilikwenda. Haukuwa kama kahawa. Ulikuwa na rangi ya chai iliyochemka hadi ikasahauliwa jikoni, nyekundu ikielekea weusi. Nilisimama pale nikaangalia vizuri, kwa kuwa nilijua nitaulizwa. Ni nani ameona? Ni mimi.

Tulimpakia katika gari la binti yetu. Hospitalini daktari yule yule alitupokea, akamgusa mapaja, na mke wangu akalia kwa sauti ambayo sikuisikia hata alipokuwa anazaa. Nikaiweka ile karatasi ya maelezo juu ya meza ya daktari, nikaweka kidole kwenye ule mstari.

Daktari aliinama akasoma. "Papa, anakunywa pamplemusi?"

"Mabalungi mawili kila jioni. Pamoja na kidonge."

"Tangu wakati gani?"

"Wiki tano."

"Nani anamutengenezeaka?"

"Mimi."

Aliweka kalamu chini. Damu ilichukuliwa, na majibu yalipotoka, alasiri, alinieleza bila kunificha, jambo ambalo ninamheshimu kwalo. Utumboni, alisema, mna kitu kinachovunja sehemu kubwa ya dawa hii kabla haijaingia katika damu, na kipimo cha kidonge kimewekwa kwa kujua hivyo. Balungi hukizuia kitu hicho kisifanye kazi. Dawa huingia kwa wingi, na kesho yake huongezwa nyingine juu yake. Mke wangu alikuwa anameza kidonge kimoja, lakini mwili wake ulikuwa unapokea kana kwamba amemeza vingi. Misuli ilianza kuvunjika, na vipande vyake vilikuwa vinakwenda kukwama katika figo.

Nilimuuliza kama ingefaa kula tunda asubuhi na kumeza dawa jioni, maana akili yangu ilikuwa bado inatafuta mlango.

"Haisaidie, papa. Nguvu ya ile tunda inabaki siku nzima, ata zaidi. Na kadiri muntu anakunywa mingi, njo hatari inapanda."

"Na matunda mengine?"

"Ndizi, papai, embe, avoka, chungwa ya kawaida, hakuna shida. Ile tunda kubwa ya ganda nene inafanana na pamplemusi, na chungwa chungu ya kupika jamu, hizo muache. Ni ndugu ya pamplemusi." Kisha akaongeza kwamba si dawa zote za kolesteroli zinazogombana na tunda hili, nyingine haziguswi nalo kabisa, ndiyo maana ni lazima kuuliza kila moja kwa jina lake. Akaitazama tena ile karatasi. "Nilisema matunda. Sikuuliza mama anamezea dawa na nini. Hakuna mwalimu alinifundisha kuuliza vile."

Nikamwambia tuache dawa mara moja.

"Hapa tunaisimamisha sisi, na tunamuangalia. Lakini musikuwe munaiacha nyumbani bila kuniambia. Ile mushipa ya kichwa, papa, ingali pale."

Ndipo nilipoelewa mahali tulipofika. Kwa upande mmoja kidonge kilikuwa kinammaliza. Kwa upande mwingine, bila kidonge, ile ganzi ya mwezi wa kwanza ingeweza kurudi bila kutuaga. Walimwekea maji ya mishipa, mengi, mchana kutwa, na chupa ya kupimia mkojo chini ya kitanda. Siku ya kwanza chupa ile ilipata kidogo sana. Siku ya pili vile vile. Daktari hakusema atapona. Nilimwuliza, akasema, "Tungojee figo." Nilimpenda kwa kutonidanganya, na nilimchukia pia.

Siku ya pili hiyo, mke wangu akiwa macho, nilimwambia.

"Mama, ni mimi. Ni ile gilasi."

"Najua. Nilisikia vile ulimujibu daktari."

"Ulikuwa umeogopa, nami nikakulazimisha."

"Si mi njo nilikunywa?"

"Mimi ndiye niliyekamua."

Alifumba macho. "Basi tuko babili. Acha kusimama juu yangu kama muko mu mutihani. Ikala."

Nikakaa.

Jirani yetu alikuja siku iliyofuata na supu ya samaki. Nilijitayarisha kwa maneno yake, nilikuwa nimeyastahili. Aliketi kando yangu kwenye benchi la nje, akauliza kwa sauti ya chini:

"Prefe, ilikuwa tunda gani?"

"Pamplemusi."

"Ile tu?"

"Hilo na ndugu zake wawili."

"Na ndizi?"

"Ndizi haina neno."

Alifikiri. "Mayo! Basi ata mi nilidanganya. Niliwakataza bamama ba parokia ndizi na papai mwaka muzima."

"Ulikosea kwa matunda yote ila moja."

"Na weye?"

"Mimi nilikosea kwa lile moja."

Hakucheka, lakini alinipa bakuli la supu kwanza kabla ya mgonjwa, na nikajua kwamba mjadala wetu umekwisha.

Nimefikiri sana tangu siku hiyo. Swali langu halikuwa baya. Mtu asiyeliuliza hukimbia na kila umati. Kosa lilikuwa kwamba nililiuliza nikiwa nimekaa. Nilimdai ushahidi mwanamke ambaye hakuwa na njia ya kuupata, ilhali mimi nilikuwa nayo: mwendo wa dakika kumi hadi duka la dawa, na ombi la kuona karatasi moja. Kutokuamini hakukunigharimu hatua hata moja. Kwa nusu karne niliita kutokuamini huko elimu.

Kuhusu mwanamke wa Kasumbalesa, nilijaribu kumtafuta. Jirani alimpigia simu dada wa shemeji yake mbele yangu; huyo alikuwa amesimuliwa na mbadilisha fedha wa mpakani; na mbadilisha fedha alisema alisikia kwa madereva waliokuwa wanangoja kwenye foleni ya malori. Mbele ya hapo hakuna mtu. Siandiki kwamba aliishi. Siandiki tena kwamba hakuishi.

Siku ya nne chupa ya chini ya kitanda ilianza kujaa. Niliipeleka dirishani mwenyewe nikaitazama kwenye mwanga: rangi ilikuwa imefifia. Wiki ya tatu walituruhusu kurudi nyumbani. Kipimo kimoja cha figo hakijashuka kama daktari anavyotaka, na atakirudia mwisho wa mwezi huu. Hadi hapo hataki aanze dawa nyingine ya kolesteroli, hata ile isiyogombana na tunda, kwa hiyo kila asubuhi jambo la kwanza ninalotazama ni mdomo wa mke wangu, kama umekaa sawa pande zote mbili.

Mengine nayasikia. Nasikia kwamba sokoni wanasema prefe alimpa mke wake sumu. Nasikia pia kwamba pamplemusi humwua yeyote anayelila, na kwamba wauzaji wake wameanza kulificha chini ya machungwa. Hilo la pili si kweli, na nimekwenda sokoni mara mbili kulikanusha: asiyetumia dawa ya namna ile na ale, na anayetumia dawa yoyote amuulize muuza dawa kwa jina la dawa na kwa jina la tunda. Wale wazee watatu wa kambi nimewatembelea nyumbani kwao, nikasoma vidonge vyao kimoja kimoja. Mmoja alikuwa anameza simvastatini. Balungi lilikuwa kwenye kisahani kando yake.

Binti yangu ameambiwa na mtu wa tiba ya viungo kwamba misuli ya mama yake itarudi. Shangazi ameambiwa kwamba kwa umri huo hairudi. Sina namna ya kuyashuhudia hayo.

Leo asubuhi mke wangu aliinuka kitandani bila mkono wangu. Alishika ukuta, akaenda kuelekea jikoni, nami nilimfuata nyuma bila kumgusa, kwa kuwa alinikataza. Nilihesabu hatua kumi na moja. Ya kumi na mbili hakuipiga. Alishika ubao wa mlango kwa mikono miwili, akaniita nimletee kiti.